Kuijua Historia ya Nchi: Maana Yake kwa Raia wa Kawaida

Inaposemwa kwamba raia anapaswa kuijua historia ya nchi yake, wengi wetu hukumbuka darasa: tarehe za vita, majina ya machifu na magavana, sababu tano za hiki na matokeo sita ya kile, vyote vikikaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahaulika mara tu baada ya matokeo kutoka. Wengine huelewa kwamba wanatakiwa kujivunia mashujaa na kusimama wima wimbo wa taifa unapopigwa. Mambo hayo mawili yana nafasi yake, lakini hayatoshi kueleza dhana yenyewe. Kwa muuza vitenge wa Kariakoo, dereva wa daladala au muuguzi wa Temeke, kuijua historia ya nchi maana yake ni kufahamu kwamba mambo anayoishi nayo kila siku yaliamuliwa na watu fulani, katika mwaka fulani, kwa sababu zinazoweza kutajwa, na kwamba kabla ya uamuzi huo mambo yalikuwa vingine. Asiyelijua hilo huyapokea maamuzi ya wanadamu kama anavyopokea mvua ya masika, na kwa hiyo hawezi kuyatetea yanapostahili kutetewa wala kuyahoji yanapostahili kuhojiwa.

Tuchukue ardhi, kwa kuwa ni mambo machache yanayowagombanisha wakazi wa Dar es Salaam kama kiwanja. Mtu anayetaka kununua eneo Chanika au Kigamboni hamwamini muuzaji peke yake. Huwauliza majirani, humtafuta mjumbe, huenda ofisi ya serikali ya mtaa, na hutaka kujua eneo lilikuwa la nani na lilipita mikono ya nani hadi kumfikia huyu anayeliuza. Uchunguzi huo tayari ni historia, na hakuna anayeuona kuwa ni anasa ya wasomi. Hata hivyo, maswali yake huishia kwa muuzaji na baba wa muuzaji, ilhali hati atakayoipata eneo likishapimwa ina asili ya mbali zaidi. Hati hiyo haimpi ardhi iwe yake moja kwa moja. Inampa haki ya kuimiliki kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, pamoja na wajibu wa kulipa pango la ardhi kila mwaka. Wapo wanaolisoma sharti hilo kwa mara ya kwanza wakiwa wameshalipa pesa zao zote, nao hudhani limetungwa na ofisa wa leo ili kuwasumbua.

Asili yake ni hii. Mwaka 1895 utawala wa Wajerumani ulitangaza kwamba ardhi yote ambayo mtu hakuweza kuthibitisha umiliki wake ingehesabiwa kuwa mali ya dola, na kwa kuwa uthibitisho uliotakiwa ulikuwa wa aina waliyoitambua wao, wenyeji wengi waliamka wakiwa wanalima ardhi ya dola. Waingereza walipoitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa (League of Nations), lililotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi chini ya mamlaka ya Gavana, kwa maelezo kwamba angeisimamia kwa manufaa ya wenyeji. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipofikiria kuruhusu umiliki wa ardhi wa moja kwa moja na wa kudumu, Julius Nyerere aliandika kupinga, akihofia kwamba wachache wenye fedha wangeinunua nchi na walio wengi wangebaki wapangaji. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliugeuza umiliki wa kudumu uliokuwapo kuwa ukodishaji wa muda maalumu kutoka kwa serikali. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilithibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma na kwamba Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Mwenye kuufuata mfululizo huo huona jambo ambalo hati peke yake haimwonyeshi: kwamba utaratibu uleule wa kuiweka ardhi mikononi mwa dola ulitumika mara ya kwanza kuwanyang'anya watu, kisha ukatetewa na viongozi wa Uhuru kama ngao ya kuwalinda watu haohao. Huona pia kwamba ulijadiliwa upya na ungeweza kubadilika. Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilipendekeza mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yasiwe mikononi mwa Rais, bali yagawanywe kati ya chombo cha kitaifa na mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Raia anaweza kuona serikali ilifanya vyema au ilikosea, lakini hana namna ya kuona lolote kati ya hayo ikiwa hajui kwamba swali liliwahi kuulizwa. Kwa mwenye nyumba iliyowekewa alama ya X ili barabara ipite, jambo hili lina uzito wa shilingi kabisa, kwa sababu kanuni ya fidia kamili, ya haki na ya haraka, inayozingatia thamani ya ardhi yenyewe na si majengo na mimea tu, iliingizwa katika sheria hizohizo za 1999 baada ya miaka mingi ya malalamiko ya watu waliohamishwa kwa malipo madogo.

Ujuzi wa aina hii uliwahi kuwafikisha wakulima mbali. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wa Arusha katika eneo la Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wameru walifahamu kwamba Tanganyika haikuwa koloni la kawaida: tangu 1946 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wakazi wa nchi ya udhamini waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao huko. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama New York kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile, lakini habari yake ilienea Tanganyika nzima na kuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea harakati za siasa zilizozaa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954. Watu wale walijua nchi yao iliingiaje mikononi mwa aliyekuwa akiitawala, na ujuzi huo ukawaonyesha mlango wa kubisha.

Jiji lenyewe nalo linasomeka. Anayetembea kutoka Posta kwenda Kariakoo hupita kwenye mitaa ya majengo ya ghorofa yenye maduka chini na makazi juu, kisha huvuka uwazi wa Mnazi Mmoja, ndipo huingia kwenye viwanja vidogo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Mpangilio huo haukujitokeza wenyewe. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji katika kanda tatu kwa kufuata aina ya majengo, na kwa vitendo mgawanyo ukawa Uzunguni, Uhindini na eneo la Waafrika. Waingereza waliuendeleza, wakauacha uwazi ule utenganishe, wakajijengea Oyster Bay yenye viwanja vikubwa na upepo wa bahari, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakapanga Magomeni na Temeke kwa ajili ya Waafrika. Ubaguzi wa kisheria uliondoka, lakini upana wa viwanja ulibaki, na pamoja nao tofauti za bei, miti, mitaro na barabara. Kijana anayeamini kwamba upande mmoja wa jiji umependeza kwa sababu wakazi wake ni wastaarabu zaidi anahitaji kuelezwa habari za ramani ile.

Karibu na Posta, kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, imesimama Sanamu ya Askari, ambayo maelfu huipita kila siku wakiwahi mabasi. Iliwekwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa Gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, nayo yanawakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kinachohitaji historia ni yale ambayo shaba haiwezi kuyasema: kwamba vilikuwa vita vya Wajerumani na Waingereza, kwamba Waafrika walipigana na kufa katika pande zote mbili, na kwamba wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa Kariakoo, walikufa kwa wingi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Ninaamini kila mtoto wa Dar es Salaam anastahili kusimamishwa mbele ya sanamu ile angalau mara moja na kuelezwa ni akina nani hao, kwa sababu hakuna ajuaye wangapi kati ya watoto hao ni vitukuu vyao.

Dhana hii hueleweka vibaya pale historia inapochukuliwa kuwa hadithi moja iliyofungwa, ambayo kazi ya raia ni kuipokea tu. Mfano wa Bibi Titi Mohamed unafundisha kinyume chake. Katikati ya miaka ya 1950 aliwakusanya wanawake wa Dar es Salaam, wengi wao wakitoka katika vikundi vya ngoma, na kuwaingiza TANU kwa idadi iliyowashangaza wanaume wa chama. Baada ya Uhuru alikuwa waziri mdogo. Mwaka 1970 alifikishwa mahakamani kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972. Leo moja ya barabara kuu za jiji ina jina lake. Anayejua barabara tu amejua kidogo, na anayejua kesi tu amejua kidogo pia. Raia anayeyaweka yote mezani huelewa kwamba nchi inaweza kumtukuza mtu, kumfunga na kumtukuza tena, na huwa makini zaidi anaposikia mwenzake akiitwa msaliti au shujaa.

Ndivyo ilivyo pia katika mijadala ya siasa. Tunabishana sana kuhusu Muungano, lakini si kila anayebisha anajua kwamba mambo ya Muungano yaliyokubaliwa mwaka 1964 yalikuwa 11 na kwamba orodha ya Katiba sasa ina 22, jambo ambalo ndilo kiini cha malalamiko mengi yanayotoka Zanzibar. Tunazungumzia vyama vingi kana kwamba vilidaiwa na kila mtu, au kana kwamba vililetwa na wageni tu. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1991 ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na ikaorodhesha sheria 40 ilizoona kuwa kandamizi ili zifutwe au zirekebishwe. Kuruhusu vyama kulitimizwa mwaka 1992. Habari ya zile sheria 40, ambazo hazikushughulikiwa zote, ni somo la kutosha kwa yeyote anayejiuliza kwa nini baadhi ya malalamiko ya kisiasa hurudi kila uchaguzi.

Ujuzi huu haumtaki mtu awe na shahada. Mtaala mpya umeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na hilo ni jema, lakini watu wazima walio wengi hawatarudi darasani. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, Maktaba Kuu ipo kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na Katiba inapatikana kwa Kiswahili. Kinachohitajika zaidi ni tabia ya kuuliza, kila dai la historia linapoletwa kijiweni au kwenye simu, limeandikwa wapi, na nani, na lini, na kama yupo aliyelishuhudia.

Na mashahidi wapo, ila si kwa muda mrefu. Katika nyumba nyingi za jiji hili kuna sanduku lenye kadi ya TANU, stakabadhi za kodi ya kichwa, picha za mkutano wa Jangwani au barua ya mwajiri wa bandarini, na kuna mzee anayeweza kueleza kila karatasi. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja kati ya 1973 na 1976, sasa ana miaka ipatayo 70 au zaidi. Anakumbuka nani alikuja na lori, nyumba ya zamani ilifanywa nini, mazao yaliachwa wapi na walikula nini msimu wa kwanza. Anakumbuka pia shule na kisima walivyovikuta, au walivyoahidiwa wasivikute. Maelezo yake yalinganishwe na ya mwingine aliyehamishwa wilaya tofauti, kwa maana hayatafanana, kisha yaandikwe pamoja na jina la kijiji na mwaka, mwenyewe akiwa bado yupo wa kusahihisha.