Gloplagi: kwa nini kipanya kinachowaka vizuri Dar hugoma Njombe

Gloplagi ni kipande chembamba cha chuma, urefu wake kama kidole, kinachofungwa kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ya injini ya dizeli, kimoja kwa kila silinda. Ndani yake mna koili. Umeme wa betri ukipita, ncha huiva ikawa nyekundu kama kaa, zaidi ya nyuzi joto 800. Usiichanganye na plagi ya gari la petroli. Ile hupiga cheche muda wote injini inapofanya kazi. Gloplagi hupasha moto tu, na kazi yake kubwa huisha injini ikishashika.

Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni hubana hewa mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha nozeli inarusha mafuta na yanawaka yenyewe. Vipanya, yaani HiAce za miaka ya 1990 zenye injini za aina ya 2L au 3L, ambazo wengi sasa wanazing'oa viti na kuweka kitanda, hubana hewa takriban mara 22. Lakini mafuta yake hayarushwi moja kwa moja juu ya pistoni. Yanaanzia kwenye chumba kidogo ndani ya hedi. Asubuhi kuta za chumba hicho ni za baridi na hunyonya joto la hewa kabla mafuta hayajawaka. Gloplagi imechomoza humo ndani ili kufidia joto hilo.

Dar es Salaam huficha ugonjwa huu. Hata Julai, alfajiri ya Mbagala au Tegeta haina baridi ya kuitesa injini. Gloplagi mbili zinaweza kufa, hata tatu, na gari likaendelea kuwaka kwa kupigwa stata kidogo zaidi. Safari ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo inayoumbua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku wake ni wa baridi kali. Kitulo hupata hata jalidi. Na si baridi peke yake: kwa urefu huo hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko pwani, kwa hiyo pistoni ina hewa kidogo ya kubana na joto linalopatikana ni dogo. Injini yenye ringi zilizochoka huumia mara mbili.

Ndiyo maana kipimo kifanyike Dar, kabla ya kuondoka. Taa ya koili kwenye dashibodi si ushahidi: inaonyesha muda wa kupasha, haijui kama gloplagi ni nzima. Injini ikiwa baridi, weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti, waya mmoja kwenye bamba linalounganisha gloplagi zote nne, mwingine kwenye bodi. Mtu afungue swichi bila kupiga stata. Usiposoma kitu, tatizo liko kwenye fyuzi kubwa, rilei (swichi inayozipa gloplagi umeme) au waya. Ukisoma volti, umeme unafika. Sasa pima gloplagi zenyewe.

Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua nati ndogo na utoe bamba lote. Usipolitoa, moja nzima itaifichia iliyokufa. Weka multimita kwenye ohm, gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi, kisha pima kila gloplagi hadi bodi na upunguze hiyo. Gloplagi nzima husoma chini ya ohm 2 hivi. Isiyoonyesha mguso wowote imekatika.

Ukinunua mpya, Gerezani au Kariakoo, nenda na ya zamani mkononi na usome volti zilizoandikwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Baadhi ya mifumo ya Toyota hutumia gloplagi za volti 6 kwenye gari la volti 12, kwa sababu rilei huzipa umeme mwingi kwa muda mfupi tu. Za volti 6 zikifungwa kwenye mfumo wa kawaida huungua, ncha ikavimba na kukataa kutoka. Badilisha zote nne. Ya zamani ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, ifunguliwe taratibu injini ikiwa na uvuguvugu. Ikikatikia ndani, hedi itabidi ishuke. Mpya ianze kufungwa kwa vidole.

Gari likigoma huko huko, tazama moshi. Moshi mweupe wakati stata inazunguka maana yake mafuta yanafika ila hayawaki: shuku gloplagi. Hakuna moshi kabisa? Mafuta hayafiki. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja, kuna mpira unaovuta hewa usiku. Stata ikizunguka kivivu, pima betri: 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Friji na taa za kulalia zinafaa ziwe na betri yake, kwani gloplagi nne na stata vinahitaji umeme mwingi kwa wakati mmoja. Oili ya 20W-50 nayo huwa nzito kwenye baridi. 15W-40 ni nyepesi zaidi asubuhi. Na kama fundi aliwahi kutoa thamostati (vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto) ili "injini isichemke", irudishwe, maana bila hiyo injini huchelewa mno kupata joto lake.

Kwa dharura, pasha mara 2 au 3 mfululizo, kisha piga stata isiyozidi sekunde 10, upumzike nusu dakika. Usiweke kitambaa chenye petroli wala kupuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa: ikikutana na gloplagi yenye moto hulipuka kabla ya wakati, na ringi au pistoni huvunjika.