Mfumo endeshi mbadala ni nini, na unamfaa nani?

Mpelekee fundi kompyuta inayosuasua, na mara nyingi utajibiwa: "Hii inataka kupigwa windo." Tumelizoea neno hilo mpaka wengi wanadhani Windows ndiyo kompyuta yenyewe. Sivyo. Windows ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), kioo na kibodi, na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Unaweza kuuondoa ukaweka mwingine, na mashine ikabaki ileile.

Kwenye kompyuta za nyumbani iliyotawala ni miwili: Windows ya Microsoft, na macOS ambayo Apple huitoa kwa mashine zake tu. Mingine ndiyo huitwa mbadala. Ipo FreeBSD, ipo Haiku, lakini kwa mtu anayetaka kuandika barua, kuangalia video na kuingia mtandaoni, mbadala wa kweli ni Linux.

Neno "mbadala" lisikufanye udhani ni kitu duni. Kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoongea na vifaa vya mashine, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa kasi duniani zinatumia Linux. Uchache wake uko kwenye meza za nyumbani tu.

Kiini peke yake hakikufai kitu. Hufungashwa pamoja na programu nyingine, na kila kifurushi huitwa distro. Distro zina ukoo: Debian ilizaliwa 1993, mwaka 2004 ikazaa Ubuntu, na mwaka 2006 Ubuntu ikazaa Linux Mint. Jina Ubuntu linatoka lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, na ni ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayounda programu, ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, kwa hiyo Waswahili hawakulazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iwakumbuke. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani kubwa ya mifumo hii, kuliko hata kupatikana bure.

Suala hili limekuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, yakiwamo masasisho ya usalama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo nyingi ni za kuanzia mwaka 2018 hivi. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua ni za zamani kuliko hapo. Inauma kuona mashine nzima, yenye kibodi na kioo kizuri, ikihesabiwa imekwisha, wakati Linux Mint inaweza kwenda hata kwa RAM ya GB 2, ingawa raha yake inaanzia 4. Na Windows iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, si nafuu: hujui aliyeikraki aliacha nini ndani.

Hata hivyo, usichague mfumo kwanza. Chagua kwa kuangalia programu unazofungua kila wiki. Photoshop haitengenezwi kwa ajili ya Linux, wala Microsoft Office ile ya kusakinisha. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, hufungua mafaili ya Word, lakini majedwali huweza kuhama. Kama msimamizi wako wa tasnifu anarudisha kazi yenye masahihisho ndani ya Word, jambo hilo litakusumbua kweli. Mchezaji wa Valorant, mchezo wa kompyuta usiokubali Linux, naye abaki Windows. Lakini anayeishi ndani ya kivinjari, barua pepe na WhatsApp Web hatapungukiwa na kitu.

Huhitaji kukisia. Weka Linux Mint kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, na mfumo utafanya kazi bila kugusa diski. Utakuwa mzito kidogo kuliko ukisakinishwa. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, na hasa printa, maana hapo ndipo matatizo hujificha. Ukiridhika na kuamua kusakinisha, nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje: chaguo la kufuta diski nzima likishathibitishwa, Windows na kila kilichokuwamo vinaondoka pamoja.