Usafi wa ufukwe: kwanza maji, kisha lori, fulana baadaye

Septemba ikikaribia, barua za kampuni zinazotaka kufanya usafi ufukweni huanza kumiminika ofisini kwetu. Sababu inajulikana: Siku ya Usafi Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza 15 Septemba 2018 kutokana na vuguvugu lililoanzia Estonia mwaka 2008. Sasa Umoja wa Mataifa umeitengea tarehe 20 Septemba. Barua nyingi hutaja idadi ya fulana. Zinazotaja lori ni chache mno.

Watu mia tano wakishaokota taka Coco Beach kwa saa mbili, kazi ndiyo kwanza imeanza. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 25 kutoka hapo, na foleni za Dar es Salaam hazina Jumamosi. Viroba vikilala ufukweni usiku mmoja tu, mbwa na kunguru watavipasua, na maji yakijaa yatazirudisha taka zilikotoka. Kwa hiyo mdhamini aulizwe mapema: lori la nani, mafuta ya nani, gharama za dampo analipa nani? Majibu yaingie kwenye makubaliano pamoja na jina la dereva na namba ya gari. Kwangu mimi, kampuni ya ujenzi inayotoa lori moja kwa siku nzima inawazidi mbali wanaochapisha fulana elfu.

Halafu tarehe. Maofisini tunapanga kwa Jumamosi, lakini bahari inafuata mwezi. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Kundi likianza saa mbili, linayafuata maji yanavyotoka. Wiki moja baadaye ni maji mafu: saa hizo hizo bahari imejaa, na watu wote wanabanana kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Litazameni jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuandika mialiko, au waulizeni wavuvi, ambao hawahitaji jedwali.

Wavuvi hao wasiwe watazamaji. Serikali ya mtaa na kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU) wakae mezani tangu kikao cha kwanza, na wawepo pia waokota chupa, ambao husahaulika kila mwaka. Wao huuza chupa za plastiki kwa kilo. Wageni wakija asubuhi moja wakazichanganya chupa na nepi na mabaki ya vyakula, wamezoa riziki ya mtu na kuipeleka dampo. Chupa ziwe na viroba vyake, na viroba hivyo wapewe wao.

Kiroba kisiponyanyuka, kifungue. Mara nyingi utakuta majani ya bahari, mchanga mbichi, kandambili moja na chupa tatu. Majani hayo si taka. Husaidia kuushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, kwa hiyo yaachwe. Upande wa Kigamboni, kwenye fukwe ambako kasa hutaga, reki na magari visivuke kwenda juu ya alama ya maji kujaa. Watoto wasipangwe karibu na Mto Msimbazi unapoingia baharini, kwani mto huo hushuka na taka za jiji, sindano zikiwemo. Kila kiongozi wa kundi abebe chombo kigumu chenye kifuniko kwa ajili ya sindano, na aziokote yeye peke yake. Maji ya kunywa yaje kwenye madumu makubwa, kila mtu na kikombe chake. Nimewahi kuona kampeni ya kupinga chupa ikiacha nyuma yake mamia ya chupa.

Jambo linalovunja ushirika kuliko yote ni hesabu ya chapa. Tangu 2018, muungano wa Break Free From Plastic umekuwa ukiratibu kazi hiyo katika nchi nyingi: taka zinamwagwa turubaini, zinatenganishwa, na kila kifungashio kinaandikwa kwa jina la aliyekitengeneza. Asasi zinaipenda kwa sababu inaonyesha taka zinatoka kwa nani. Lakini itakuwaje kinara wa orodha akiwa ndiye aliyelipia jukwaa na spika? Simu zinaanza kupigwa jioni ile ile, na orodha inaombwa "isubiri kidogo". Dawa yake ni kifungu kinachotiwa saini wiki kadhaa kabla: takwimu ni mali ya asasi, zitatolewa kama zilivyo, katika tarehe iliyotajwa, na mdhamini atapewa nakala siku moja kabla ili aandae maelezo yake, bila haki ya kufuta kitu. Kampuni inayokataa kifungu hicho isifukuzwe. Ilete lori na glovu, wafanyakazi wake waje waokote kama wengine, ila nembo yake isiwekwe kwenye bango.