Wale zimamoto waliosimama nje hawajakaa bure

Kila nikienda mtaani kufundisha mambo ya moto lazima atokee mtu aniulize, mwalimu, mbona nyumba inaungua halafu wengine wameingia ndani na wengine wamesimama tu nje na mitungi mgongoni kama wanasubiri daladala? Swali zuri sana, na leo nalijibu kwa mfano wa Marekani, sio kwamba kule ni malaika, ila kule zimamoto wengi ni wa kujitolea. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 1 nchi nzima na kama asilimia 65 yao wanajitolea, yani huyu ni fundi magari, yule mwalimu, mwingine ana duka, wito ukitoka anaacha alichoshika anakimbilia stesheni.

Sasa wale wa nje kazi yao ni moja, kumuokoa zimamoto mwenzao akikwama ndani. Sheria ya Marekani ya usalama kazini inasema kwenye jengo lenye moshi wa kuua wanaingia angalau wawili pamoja, na angalau wawili wanabaki nje wakiwa tayari. Kama kuna mtu ndani anayehitaji kuokolewa hapo hapo hawalazimiki kusubiri watimie. Shida ni kwamba kwa wanaojitolea sheria hiyo haiwabani sawa kila jimbo, na hapo ndio viwango vya NFPA vinaingia. NFPA ni shirika binafsi, sio serikali, linaandika viwango na kila mahali wanaamua wenyewe kuvikubali. Kile cha kuifundisha timu ya uokoaji wa haraka, yani hao wa nje, kilitoka mwaka 2010 kikiwa namba 1407.

Mnaweza kusema kumvuta mwenzako kuna ufundi gani, si unamshika unatoka naye? Hivyo ndivyo wengi walivyodhani mpaka Phoenix, Arizona, Machi 2001, zimamoto mmoja alipopotea ndani ya supamaketi iliyokuwa inaungua, hewa ikamuishia, akafa. Wenzake hawakuishia kulia. Walifanya mazoezi mengi kwenye majengo makubwa huku wanapima kwa saa, na majibu yalitisha: kumtoa zimamoto mmoja aliyeanguka kulihitaji watu kama 12 na dakika kama 21, na katika kila waokoaji 5 mmoja aliingia matatani yeye mwenyewe. Mtungi ulioandikwa dakika 30 kwa mtu anayehangaika ulikuwa unaisha dakika ya 18 au 19 hivi. (Na jamani, kwenye ule mtungi hakuna oksijeni tupu, ni hewa hii hii tunayovuta, imebanwa tu.) Piga hesabu mwenyewe, dakika 21 za kuokoa na hewa ya dakika 19.

Hesabu hiyo kwa kijijini ni mbaya zaidi. Kiwango kingine, namba 1720, ambacho ni cha vikosi vya kujitolea, kwa maeneo ya vijijini kinataka watu 6 wafike ndani ya dakika 14, tena kwa asilimia 80 ya matukio, sio yote. Sita! Na wa kumtoa mmoja wanatakiwa 12. Kwa hiyo kikosi cha kujitolea kikikwambia kina timu yake chenyewe ya uokoaji uliza watu wangapi na wanatoka wapi. Vikosi makini vinawaita majirani mapema, moto ukiripotiwa tu na kikosi cha kijiji cha pili kinatoka hapo hapo bila kungoja mambo yaharibike, ila hao majirani lazima wawe wamefanya mazoezi pamoja, maneno ya redioni yawe yale yale, vifaa vya kumuongezea mtu hewa viingiliane, sio mnakutana usiku kwenye moshi mnaanza kuulizana majina.

Mazoezi yenyewe hayataki hela nyingi. Unageuza ile kofia ya kitambaa inayovaliwa chini ya helmeti iwe mbele nyuma, inaziba maski, huoni kitu. Halafu unapapasa mpira wa maji sakafuni mpaka kwenye kiunganishi, na kwa umbo lake tu mkononi unajua upande gani unaelekea nje kwenye gari. Unajifunza kusema redioni uko wapi, kikosi gani, jina lako, ulikuwa unafanya nini, unahitaji nini, hewa imebaki kiasi gani, na useme mapema kabla hujaishiwa, maana wanaume wengi wanaona aibu kuita msaada. Ukilala bila kutikisika sekunde 30 kengele uliyovaa inapiga kelele yenyewe, na waokoaji wanaifuata hiyo sauti.

Kuna zoezi moja linaitwa la Denver. Mwaka 1992 kwenye jiji hilo zimamoto alikwama kwenye chumba chembamba, wenzake wakafika mpaka alipo na bado wakashindwa kumpitisha dirishani, akafa. Mpaka leo vikosi vinatengeneza kile kichochoro kwa mbao: upana sentimita 71, dirisha lina upana wa 51 tu na kizingiti kiko juu sentimita 107 kutoka sakafuni. Huwezi kusimama wawili ubavu kwa ubavu, huwezi kugeuka. Mwokoaji mmoja anakaa chini ya dirisha, mgongo ukutani, magoti juu, majeruhi anavutwa mpaka anapanda kwenye mapaja yake kama kwenye ngazi, mwingine anasukuma kutoka nyuma, na nje kuna wa kupokea. Vifaa peke yake ni kilo 20 na ushee juu ya uzito wa mtu. Mara ya kwanza karibu kila timu inashindwa, na ni heri ishindwe stesheni Jumanne jioni.

Ila mazoezi nayo yanaua. Septemba 2001 kule Lairdsville, jimbo la New York, kwenye kikosi cha kujitolea, kijana wa miaka 19, mgeni kabisa kwenye kazi, aliwekwa ghorofani aigize zimamoto aliyenasa ili wenzake wajifunze kumtoa, moto ukawashwa chini, kochi likashika, akafa kweli. Aliyesimamia zoezi alitiwa hatiani mahakamani. Viwango vinakataza kabisa kuweka mtu hai aigize majeruhi panapowashwa moto halisi, tumia mdoli, na mgeni asiingie kwenye moto kabla hajapita mafunzo ya msingi. Mimi hapa sina huruma, kujitolea sio sababu ya kupunguziwa masharti, moshi haujui nani analipwa.

Na nyie mnaoangalia, wale wa nje huwa wanazunguka jengo, wanasimamisha ngazi kwenye madirisha ya juu, wanavunja milango ya nyuma, na dirisha lenye nondo, ambayo kwetu huku ni karibu kila nyumba, wanaikata hata kama hakuna mtu anayeonekana pale. Msiwapigie kelele kwamba wanaharibu mali. Na ile ngazi iliyoegeshwa haina mtu msiiondoe kupisha gari wala kupiga picha, kuna aliyeko ndani ambaye ameshaambiwa redioni iko dirisha gani.