Haki ya kumiliki silaha Marekani: nani anatakiwa kujieleza?

Nchini Kenya, anayetaka bastola ndiye mwenye mzigo wa kujieleza. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka mwombaji awe na sababu nzuri ya kuwa na silaha, na mtoa leseni aridhike kwamba kumpa hakutahatarisha usalama wa umma. Tanzania nako huwezi kuwa na bunduki bila leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwetu silaha ni ruhusa: serikali huitoa, na serikali huweza kuichukua. Marekani mzigo uko upande wa pili. Raia haulizwi bunduki anaitakia nini. Serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini inamnyima. Asiyelishika hilo atausikiliza ubishi wa Wamarekani na kuona ni kelele tu.

Chanzo chake ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoridhiwa 1791. Ni sentensi moja, ambayo kwa Kiswahili yaweza kusomeka hivi: kwa kuwa jeshi la wanamgambo lililopangwa vyema ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe. Nusu ya kwanza inazungumzia wanamgambo, ya pili inazungumzia watu. Wanaotaka udhibiti huanzia ile ya kwanza: haki hii ni ya utumishi wa kijeshi wa zama zile. Wanaoupinga huanzia ya pili: watu ni watu, mmoja mmoja. Kwa muda mrefu Mahakama ya Juu haikutoa jibu lililonyooka. Kesi ya Miller ya 1939, iliyohusu shotigani yenye mtutu mfupi, iliandikwa kwa namna ambayo kila upande uliichukua kuwa yake.

Jibu lilikuja 2008, katika kesi ya Heller. Jiji la Washington lilikuwa limepiga marufuku bastola tangu 1976, na bunduki nyingine za nyumbani zilitakiwa zikae bila risasi na zikiwa zimefunguliwa vipande au zimefungwa kufuli kwenye kifyatulio. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema haki ni ya mtu binafsi na inahusu kujilinda nyumbani. Hata hivyo Jaji Scalia, aliyeandika hukumu, alisema wazi kwamba haki hiyo ina mipaka: marufuku kwa waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, na marufuku ya silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali, hayakuguswa. Wenye kuisifu Heller na wenye kuilaani wote hupenda kuiruka aya hiyo. Miaka miwili baadaye, kesi ya McDonald dhidi ya jiji la Chicago iliifanya haki hiyo iyabane majimbo pia, siyo serikali kuu peke yake.

Hatua kubwa zaidi ni ya 2022, kesi ya Bruen. Jimbo la New York lilikuwa na utaratibu unaofanana na wa Kenya: ukitaka kutembea na bastola iliyofichwa, uoneshe sababu maalumu inayokutofautisha na watu wengine. Kwa kura 6 dhidi ya 3 mahakama iliufuta. Tena ikaweka kipimo kipya: sheria ya silaha ikipingwa, haitoshi serikali kusema inaokoa maisha; sharti ioneshe kwamba inalandana na desturi ya kihistoria ya kudhibiti silaha nchini humo. Tangu hapo mawakili wa majimbo wamekuwa wakifukua sheria za karne ya 18 na ya 19. Kipimo hicho kina ugumu wake, na ulionekana haraka. Katika kesi ya Rahimi ya 2024, mwanamume aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumpiga mwenzi wake alidai kunyang'anywa bunduki ni kuvunja haki yake. Mahakama ilimkatalia kwa 8 dhidi ya 1, ikisema si lazima sheria ya leo iwe na pacha wake zamani, mradi msingi ufanane. Aliyepinga peke yake ni Jaji Thomas, yule yule aliyeiandika Bruen.

Dukani mambo huenda hivi. Mnunuzi hujaza fomu ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, namba 4473: jina, anwani, mahali alipozaliwa, kisha maswali ya ndiyo au hapana. Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa? Je, una amri ya mahakama ya kukuzuia usimkaribie mwenzi? Je, unatumia dawa za kulevya? Muuzaji mwenye leseni huuliza mfumo wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, na mara nyingi jibu huja palepale: endelea, subiri, au kataa. Bastola kwa muuzaji huyo huuzwa kwa wa miaka 21 na zaidi, bunduki ndefu, kama raifu na shotigani, kwa wa miaka 18 na zaidi.

Mfumo huo una mianya miwili inayojulikana sana. Jibu likiwa "subiri" na siku 3 za kazi zikapita, kwa kawaida muuzaji anaruhusiwa kuuza hata kama uchunguzi haujaisha. Hivyo ndivyo muuaji wa waumini 9 katika kanisa la Charleston mwaka 2015 alivyopata bastola. Taarifa ambayo ingemzuia haikupatikana kwa wakati. Mwanya wa pili: sheria ya shirikisho haimtaki mtu wa kawaida anayemuuzia mkazi mwenzake wa jimbo moja afanye uchunguzi wowote. Majimbo kama California na Colorado yameuziba, mengine hayajauziba.

Swali moja la fomu huwanasa hata watu wenye nia njema: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Abramski, aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake bastola aina ya Glock 19 ili kupata bei nafuu ya askari. Mjomba alimpa hundi ya dola 400 na kuandika juu yake kwamba ni ya bastola hiyo. Wote wawili waliruhusiwa kisheria kumiliki silaha. Bado, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilisema kujibu "ndiyo" kulikuwa uongo wa jinai.

Kuna pia mkanganyiko wa aina za silaha. Bunduki ya otomatiki humwaga risasi kadiri kifyatulio kinavyobaki kimebanwa. Hizo zinadhibitiwa tangu 1934, na raia hawezi kununua iliyosajiliwa baada ya Mei 1986. AR-15, bunduki inayofanana na ya kijeshi, inayouzwa dukani ni nusu otomatiki: kubana mara moja, risasi moja. Sheria ya 1994 ilipotaka kuzuia bunduki za namna hii, iliziainisha pia kwa sifa za nje, kama mshikio wa bastola, kitako kinachokunjwa na kishikizo cha singe. Watengenezaji wakaondoa kishikizo cha singe, wakaendelea kuuza bunduki ile ile. Magazini, yaani visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki, za zaidi ya risasi 10 zilipigwa marufuku, lakini zilizokwisha kutengenezwa ziliachwa sokoni. Sheria ikafa 2004 bila kuongezewa muda. Hapa wapinga udhibiti wana hoja: sheria inayotazama umbo la silaha huvukwa na fundi yeyote.

Wao nao hukaa kimya kwenye jambo jingine. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mtu aliyekata tamaa na bastola iliyo kabatini hahusiani na jambazi wala mwanya wa soko.

Kwa Mswahili aliye huko, lililo la karibu zaidi ni viza. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bunduki. Mwenye viza ya muda, ya utalii au masomo, kwa kawaida hawezi hata kuishika. Miongoni mwa misamaha ni leseni halali ya kuwinda. Kuishika ni pamoja na kukodi bastola kwenye uwanja wa kulengea shabaha na kuirudisha baada ya saa moja. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Rehaif, alishtakiwa Florida kwa jambo hilo hilo baada ya kufukuzwa chuo na kupoteza uhalali wake wa kukaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema waendesha mashtaka lazima wathibitishe kwamba mshtakiwa alijua hana tena uhalali huo. Adhabu ya kosa hilo sasa inafika miaka 15 jela.