Titani baadaye, kwanza nione unaposhika usukani

Mimi hujenga fremu za baiskeli kwa vipimo vya mteja. Amekuja mteja mwingine jana. Hata kofia hajavua, ameshaniambia: "Fundi, nimeweka akiba miaka mitatu. Nataka fremu ya titani, ile inayomeza mtikisiko." Ni wa nne mwezi huu, na wote wanne wamekuja na sentensi hiyohiyo, wakiamini madini hayo mepesi ndiyo yatakayowalainishia safari. Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka. Sasa naandika, ili wa tano apitie hapa kabla hajafika kwangu.

Nilimwuliza kijana yule: tairi zako zina upana gani? Milimita 23. Upepo je? "Nazijaza mpaka zigonge kama mbao." Basi dawa ya mtikisiko wake ilikuwa pale pale, kwenye rimu zake, na wala haihitaji akiba ya miaka mitatu. Tairi la milimita 28 lenye upepo wa kiasi hubonyea kama milimita 4 unapolikalia. Fremu, iwe ya madini gani, haifiki hata milimita 1. Fremu ya baiskeli ya mbio ni pembetatu mbili zilizoshikana, na pembetatu haikubali kubonyezwa wima. Ili ishuke, lazima mabomba yenyewe yafupike. Niliwahi kufunga fremu tatu mezani, ya chuma, ya alumini na ya titani, nikaziwekea uzito mmoja juu ya bomba la kiti, lile la fremu yenyewe, na kusogeza saa ya kupimia mbonyeo chini yake. Kwa zote tatu mshale ulisogea kidogo mno hata nikaigonga saa kwa kidole nikidhani imekwama. Kisha nikaingiza ndani yake bomba la kushikilia kiti, lile jembamba la milimita 27.2, nikalitoa nje kwa urefu wa kawaida na kulisukuma kutoka juu. Mshale ukaruka. Kiti kinachopanda na kushuka chini yako kinapata ulaini wake kwenye bomba hilo, kwenye tairi na kwenye kiti chenyewe. Sifa zote anapewa titani.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana neno "ugumu" limetuchanganya wengi. Kuna ukakamavu, yaani kukataa kupinda, na kuna nguvu, yaani kukataa kuvunjika au kubaki umepinda. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukakamavu hupimwa kwa gigapaskali: wa chuma ni 200 hivi, wa titani 110, wa alumini 70. Ukiishia hapo utasema alumini ndiyo laini kuliko zote, na wale wanaolalamika kwamba alumini inawavunja mgongo watakushangaa. Sasa chukua uzito: sentimita moja ya ujazo ya chuma ni gramu 7.8, titani 4.5, alumini 2.7. Gawanya ukakamavu kwa uzito. Utapata 25.6, 24.4 na 25.9. Yaani gramu kwa gramu, madini haya matatu karibu yanalingana. Kinachoamua ni mjenzi ametumia bomba la kipenyo gani.

Na kipenyo kina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Bomba lenye ukuta mwembamba likiongezwa kipenyo, ukakamavu wake unapanda kwa kipenyo hicho kuzidishwa chenyewe mara tatu. Bomba la chini la fremu za chuma za zamani lilikuwa milimita 28.6. Lipeleke 34.9 bila kugusa unene wa ukuta, na ukakamavu unaongezeka karibu mara 1.8. Ndiyo maana historia ya alumini ina sura mbili zinazopingana. Fremu ya Vitus 979, ambayo bingwa wa mbio za baiskeli Sean Kelly aliitumia mashindanoni miaka ya 1980, ilijengwa kwa mabomba ya alumini membamba kama ya chuma, yakaunganishwa kwa gundi. Ilisifika na kulaumiwa kwa kuyumba. Miaka hiyohiyo kampuni ya Cannondale ikaja na mabomba ya kipenyo kikubwa, na watu wakaanza kusema alumini ni kavu, haina ulaini. Madini ni yaleyale, ila moja ilipewa bomba la kipenyo kidogo na nyingine la kipenyo kikubwa.

Jambo lingine linalonikera ni mtu kusema anataka mabomba ya chuma ya Reynolds 853 kwa sababu "ni kakamavu kuliko 531". Reynolds 531 ilitoka mwaka 1935, na ukakamavu wake unalingana na wa 853, kwa kuwa aina zote za chuma zinakaribiana hapo. Kilichopanda ni nguvu. Nguvu ikipanda, mjenzi anaweza kupunguza unene wa ukuta bila fremu kupasuka, na ukuta ukipungua fremu inakuwa nyepesi na, ukiacha kipenyo kama kilivyo, inayumba zaidi. Kwa hiyo aliyelipia bomba bora apate fremu kakamavu anaweza kuondoka na kinyume chake. Kaboni ina mambo yake: ukakamavu unafuata nyuzi zilivyolazwa, kwa hiyo "kaboni iko hivi" ni sentensi isiyo na maana mpaka uniambie nani kailaza na vipi.

Sitaficha kitu hapa. Hesabu zote hizi nazijua, na bado nimeendesha fremu mbili nilizozijenga mwenyewe kwa mchoro mmoja, magurudumu yaleyale, tairi zilezile, na moja ikaniitikia mguuni kuliko nyingine. Mwaka 1996 jarida moja la Marekani lilimwomba Antonio Mondonico, mjenzi wa Italia, ajenge fremu saba za vipimo vimoja kwa aina saba za mabomba ya Columbus, za bei ya chini mpaka ya juu, na aliyeziendesha bila kujua ipi ni ipi alishindwa kuzitenganisha kwa uhakika. Jaribio hilo linaniambia nilichohisi huenda kilikuwa kichwani mwangu. Mguu wangu unakataa. Nimeishi na ubishi huo miaka mingi na sijaumaliza.

Sasa tuje kwenye kinachofanya baiskeli ya kupimiwa istahili kuitwa hivyo. Mteja akiingia, kabla sijamgusa na utepe wa kupimia, ninatazama usukani wa baiskeli yake ya sasa. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja, mfupi kiasi, mwendeshaji hodari. Raba za vishikio vya breki, pale mikono inapopaswa kukaa muda mwingi, zilikuwa mpya kabisa, na zile nukta ndogo za mtengenezaji bado zinakwaruza kidole. Utepe wa chini kwenye mikunjo ulikuwa safi. Lakini juu, sentimita chache kila upande wa stemu, kile kipande kinachoushika usukani, utepe ulikuwa mweusi, umelainika na kung'aa kwa jasho, na upande wa kulia umeanza kuchanika. Sikuhitaji aniambie shingo inamuuma. Baiskeli ilikuwa ndefu kuliko mwili wake, na miaka yote mikono yake ilikuwa inarudi nyuma kumtafutia nafuu.

Na alikuwa amenunua kwa uangalifu! Alilinganisha fremu mbili, zote zina bomba la juu la milimita 515, akachagua ile yenye rangi aliyoipenda. Duka lilimhakikishia zinalingana. Hazilingani. Moja ina bomba la kiti lenye pembe ya nyuzi 73, nyingine, ile aliyoichukua, 75. Watengenezaji wengi husimamisha bomba la kiti kwenye fremu ndogo, na kwenye karatasi bomba la juu linaonekana fupi. Lakini mwili haukai kwenye karatasi. Dada huyu alirudisha kiti nyuma mpaka goti lake likae pale lilipozoea, na ule ufupi wote ukapotea. Pima kutoka ekseli ya kranki, pale pedali zinapozungukia, kwenda mbele hadi usawa wa juu ya bomba la usukani, kipimo tunachokiita richi, na fremu hizo mbili zinapishana karibu milimita 19, yake ikiwa ndiyo ndefu. Kufupisha stemu hakuponyi milimita 19 kwenye fremu ya mtu mfupi bila kuharibu kitu kingine.

Ndiyo maana namwomba kila anayeota baiskeli yake asahau "saizi 52" na "saizi 54". Namba hizo kila mtengenezaji anazipima anavyojua. Niletee richi, na staki, ambayo ni kimo cha hapo hapo kutoka ekseli ya kranki. Hizo mbili hazidanganyi.

Usukani nao. Watu wanasema "nataka iwe tulivu lakini nyepesi kukata kona", na wanaamini hilo nalo linatoka kwenye madini. Linatoka kwenye pembe ya bomba la usukani na jinsi foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilivyopinda mbele. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha milimita 340, pembe ya nyuzi 73, foki iliyopinda mbele milimita 45: mahali tairi linapogusa ardhi panabaki nyuma ya mstari wa usukani kwa milimita 57 hivi. Hiyo ndiyo treili. Laza pembe iwe 71.5 na ubakize foki ileile, treili inafika 66, na baiskeli inaanza kuhisi nzito mkononi unapokwenda polepole. Fremu ndogo nyingi zinalazwa hivyo ili ncha ya kiatu isiguse gurudumu la mbele, na foki haibadilishwi kwa sababu kutengeneza foki moja kwa saizi zote ni nafuu. Anayeumia ni mtu mfupi, tena bila kuambiwa. Hili linaniudhi kuliko titani.

Vitabu vingi vitakuambia treili ndiyo inayoishikilia baiskeli isianguke. Nilifundishwa hivyo na nikafundisha hivyo. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa chuo kikuu cha Delft huko Uholanzi, walichapisha matokeo ya baiskeli waliyoijenga kwa makusudi: haina nguvu ya mzunguko wa magurudumu kuisaidia, na treili yake ni hasi kidogo, yaani tairi linagusa ardhi mbele kidogo ya mstari wa usukani. Ukiisukuma peke yake, inasimama na kwenda. Tangu hapo naitumia treili kama mpishi anavyotumia chumvi: najua ikizidi na ikipungua chakula kinakuwaje, lakini siwezi kukuapia kwa nini. Vivyo hivyo uzi wenye risasi ninaoudondosha kutoka gotini hadi ekseli ya pedali. Sijaona sababu ya kimaumbile inayoutetea. Bado naudondosha, kwa kuwa unanipa mahali pa kuanzia, halafu namsogeza mtu mpaka mikono iache kumlemea.

Uzito tuupitie haraka. Sheria ya UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, tangu mwaka 2000 ni kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na wewe hushindani. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, kupunguza nusu kilo kwenye mlima wa saa nzima kunaokoa kama sekunde 20. Kama sekunde hizo ni zako, zichukue kwa furaha. Usiniambie tu kwamba kwa ajili yake tukose nafasi ya tairi la milimita 32.

Na titani yenyewe naipenda. Haishiki kutu, haihitaji rangi, ukiikwaruza unaifuta kwa sifongo ya kusugulia na inarudi kama mpya. Mtu akiniambia anaitaka kwa sababu hizo, nainuka kuagiza mabomba siku hiyohiyo.

Kijana wa jana hakukasirika. Nilimpa tairi za 28 alizokuta zimening'inia, nikamwambia azikimbize wiki mbili kwa upepo nilioupima mimi, kisha arudi tuzungumze mchoro. Alipofika mlangoni akauliza alete nini siku hiyo. Nikamwambia alete baiskeli hiyohiyo, asiioshe, na asibadilishe utepe wa usukani.