Mama mwenye mtoto akae benchi gani?

Kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa Shule ya Jumapili katika sharika za hapa Mtwara. Wazee wa kanisa wakinipata, swali lao kubwa ni namna ya kuwanyamazisha watoto ibadani. Nami huwauliza kwanza: mmewakalisha wapi?

Mara nyingi ni nyuma kabisa, karibu na mlango, ili mama apate pa kutokea mtoto akilia. Hebu nenda ukapige magoti pale, macho yako yawe kwenye kimo cha mtoto wa miaka minne. Utaona migongo na vilemba, basi. Madhabahu huioni, mchungaji humwoni, unasikia sauti tu kwenye spika. Mtoto huyo asipopiga teke benchi afanye nini? Mleteni mbele, aone maji ya ubatizo yakimiminwa, aone kwaya ikiingia, aone mkate ukimegwa. Atatulia kuliko mlivyodhani, ingawa si kwa utulivu wa mtu mzima, na wala hadaiwi huo.

Akilia je? Atalia, na hapo ndipo usharika unapopimwa. Wasigeuke watu kumkodolea mama macho. Awepo mama mtu mzima aliyepewa kazi hiyo, ampokee mtoto, amtembeze kidogo chini ya mwembe, kisha amrudishe. Na mchungaji atamke mwenyewe mimbarani kwamba sauti za watoto hazimsumbui. Akishasema yeye, wazee wa mlangoni watafuata. Katika Marko 10 waliowakemea wenye watoto ni wanafunzi wenyewe, watu wa karibu, na Yesu alichukizwa sana.

Shule ya Jumapili naipenda mno. Lakini mtoto anayetoka wimbo wa kwanza na kurudi wakati wa baraka atafika kipaimara akiwa mgeni wa ibada. Mimi nashauri wabaki mpaka masomo yasomwe, watoke wakati wa mahubiri, warudi kabla ya Sala ya Bwana. Hiyo wanaishika kwa kuisikia tu, hata wasiojua kusoma.

Kwetu kuna jambo jingine. Oktoba hadi Desemba wazazi wengi wako mashambani wanaokota korosho, na anayeleta watoto kanisani ni bibi, peke yake, na wajukuu watatu au wanne. Msimwachie wote. Jirani wa benchi aseme, "Shikamoo bibi, nipe huyu mmoja nikae naye," na wiki ijayo akae na huyo huyo, wazoeane. Tena bibi huyo apewe ruhusa ya wazi kuondoka mara tu baada ya baraka, asilazimike kusubiri mnada wa kuku na mihogo ya sadaka wakati wajukuu wana njaa na nyumbani ni mbali.